Ng'ombe wa Mkuu Walivyofika Ntimaru

Watu wa Homa Bay wakimtaja Mama Zilpah Okuku hawaanzi na bweni alilojenga wala kisima alichochimba. Wanaanza na ng'ombe. "Si ni yule mkuu wa chuo aliyeoa mwanamke?" wanaulizana, halafu wanacheka. Mwanamke mwenyewe ni mimi. Kwa hivyo afadhali niandike mimi, wakati mtoto wangu amelala, kabla hadithi haijaota mkia mwingine.

Jina langu ni Pauline, binti Nchagwa, wa Ntimaru huko Ukuria. Nilifika Homa Bay mwaka wa 1965 kwa shangazi yangu Rispa, dada ya baba, aliyekuwa mpishi katika Chuo cha Wanawake cha Nyakrigo. Chuo kilikuwa juu kidogo ya mji, mahali ambapo ukianika shuka unaiona meli ya Kisumu ikiingia. Nasema hivyo kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuanika shuka. Nilikuwa nimeishia darasa la tatu, na kwa darasa la tatu hakuna anayekupa kazi ya kukaa kwenye kiti.

Chuo kilijengwa na wamishonari ili kufundisha wake wa walimu na wa wachungaji. Walijifunza kufuma, kupanga meza na kuoka keki. Uhuru ulipokuja, mama Mzungu aliyekuwa mkuu akarudi kwao, na kamati ikatafuta mwanamke Mwafrika wa kushika nafasi yake. Hawakuwa wengi. Wakampata Mama Zilpah, mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, mwalimu wa miaka mingi, mfupi, mwenye kutembea upesi kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Mkoba wake wa ngozi ulikaa kwenye kiwiko hata akiwa shambani.

Siku ya kwanza aliingia darasa la upishi akauliza ni nani pale aliye na tanuri kwao. Hakuna aliyeinua mkono. Basi keki ikaishia hapo. Badala yake zikaja hesabu, afya ya watoto, kilimo, na somo alilolifundisha yeye mwenyewe, la kuendesha mkutano mpaka mwisho bila mwanamume kuja kuufunga. Alipokea wanawake walioolewa na hata wenye mimba, ambao zamani wangefukuzwa. Mpaka leo ukienda Asumbi, ukienda Mfangano, ukimkuta mama anayeanza mkutano kwa kugonga meza na kijiko, jua huyo alipita Nyakrigo.

Mwisho wa mwezi mmoja alitukuta sisi wa jikoni na wa kufua tumepanga foleni ya mshahara, kila mmoja na dole gumba lenye wino. Mimi nilijua kuandika jina langu, lakini nilitia kidole pia, maana karani hakuwa na subira ya kumngojea mtu aandike. Mkuu alisimama pale akatazama mpaka wa mwisho.

"Chuo cha wanawake," akasema, "na wanawake wake wanasaini kwa kidole."

Jumatatu iliyofuata masomo ya jioni yakaanza katika chumba cha kulia, chini ya taa ya karabai. Wanafunzi wa mchana walituita gumbaru. Shangazi Rispa aliacha mapema, akisema herufi zinamletea usingizi, lakini mimi nilibaki. Elimu yangu yote niliipata pale, na hata leo nikisikia karabai ikivuma mkono wangu hutafuta kalamu. Mwaka wa pili Mkuu aliniambia nitafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na nikipita nitaingia chuoni mchana kama wengine, niache mabeseni.

Kisha baba akaja.

Alikaa ofisini kwa Mkuu na kofia yake magotini, Shangazi akitafsiri, mimi nimesimama mlangoni. Alieleza kwa heshima. Mzee Gisiri wa Ntimaru alikuwa ameleta ng'ombe kwa ajili yangu. Ng'ombe hao hawakukaa, kwa sababu ndugu yangu Machuki alikuwa anangoja kuoa, na kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka. Machuki alikwishaoa, mkewe yuko nyumbani, hata ana mimba. Kwa hivyo sasa ilibaki mimi kwenda. Gisiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee tu, mwenye wake wawili, na mimi nilikuwa nimefika kwenye hesabu za sehemu.

Mkuu aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, kama mimi nataka. Nikasema sitaki. La pili alimwuliza baba kama Gisiri akirudishiwa ng'ombe, nitakuwa huru kusoma. Baba aliigeuza kofia yake pande zote.

"Mwalimu," akasema, "kwetu ng'ombe hujibiwa na ng'ombe. Maneno hayana kwato."

Sasa lazima niseme kuhusu ng'ombe wa Mkuu, maana wengi husimulia kana kwamba aliwaokota. Mumewe, Okuku, alikuwa mtu wa Rangwe. Alichukuliwa kwenda vita vya Burma na hakurudi. Hawakuwa wamepata mtoto. Ndugu ya marehemu alitaka kumrithi, kama desturi ya Wajaluo inavyosema, ili azae mtoto wa jina la Okuku. Yeye akakataa, akatoka na kikapu kimoja kwenda kusomea ualimu. Wakwe zake walisema ameifunga nyumba ya Okuku kwa mkono wake mwenyewe. Nyumba yenyewe ilianguka baadaye. Kila alipokwenda msibani Rangwe, hakukosa mtu wa kumkumbusha. Kwa mshahara wake alinunua ng'ombe mmoja mmoja, wakachungwa kwa binamu yake karibu na Asumbi. Hao ndio alipanga kuwauza akistaafu, anunue kiwanja na kujenga, kwa sababu mwanamke aliyeacha boma la mume hana pa kurudi. Wale ng'ombe walikuwa mabati yake, milango yake na kitanda chake cha uzeeni.

Likizo ya Agosti aliwatoa wote.

Alikata kibali cha mifugo, akaajiri wachungaji, wakashika njia ya Rongo na Migori, yeye mbele na mkoba wake, Shangazi Rispa nyuma kama mkalimani. Mimi niliachwa kwenye shuka zangu. Yaliyotokea Ntimaru niliyapata kwa Shangazi baadaye, na Shangazi ana kasoro nyingi lakini hasimulii uongo.

Walipofika mlango wa boma, baba na ndugu zake walikuwa wamejipanga. Baba aliwatazama ng'ombe, akasema kwa miaka yote ng'ombe wa Wajaluo wamekuwa wakija Ukuria usiku bila kuaga, na hawa ndio wa kwanza kuja mchana wakiongozwa na mwalimu. Watu wakacheka, na Mkuu alipotafsiriwa akacheka pia. Kisha baba akawa mtu wa kazi.

"Ng'ombe hawa wametoka nyumba ya nani?"

Mkuu hakupenda kujibu nusu nusu. "Wametoka nyumba ya Okuku, mume wangu."

"Okuku yuko wapi?"

"Alikufa vitani."

"Aliacha mtoto wa kiume?"

"Hakuacha."

Baba akawatazama ndugu zake. Wakatikisa vichwa kukubali, mmoja baada ya mwingine, na mlango ukafunguliwa. Mkuu akaletewa kibuyu cha maziwa ya mgando, akanywa kwa adabu, akashukuru. Alirudi Homa Bay akiwa na miguu iliyovimba na furaha nyingi. Aliniambia deni la Gisiri limelipwa, nishike vitabu.

Yeye aliamini amelipa deni. Mkuria yeyote aliyekuwapo angeweza kumwambia jina la kitu alichofanya. Kwetu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume, akiwa na ng'ombe, anaweza kuwatoa aoe msichana kwa jina la mwana ambaye hakumzaa. Tunaiita nyumba mboke. Msichana huyo ni mkamwana wake, na watoto wake ni wa nyumba ile, wanabeba jina lake, wanairithi. Mjane asiye na mtoto amekuja na ng'ombe mpaka mlangoni, ametaja nyumba ya mumewe, amekunywa maziwa. Baba hakuhitaji kuuliza zaidi. Aliwachukua ng'ombe wale, akamlipa Gisiri idadi yake, na mimi nikawa mke wa nyumba ya Okuku nikiwa napiga pasi foronya za wanafunzi.

Oktoba bweni jipya likafunguliwa. Turubai lilitandazwa, kamati nzima ikaketi mbele na wageni wa makanisa yaliyochangia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Nicanor, mwenye duka na mzee wa kanisa, mtu mnene mwenye sauti laini. Kwaya ilikuwa haijamaliza wimbo wa pili lori likaingia, na kutoka kwenye lori wakashuka wanawake wa Ntimaru, mama yangu mdogo akiwa mbele, njuga miguuni, vikapu vya unga wa wimbi vichwani. Walikuwa wanaimba. Wageni walidhani ni ngoma iliyoalikwa, wakapiga makofi. Mzee Nicanor akaagiza wapewe soda.

Wanawake wale hawakusimama kwa soda. Walipita mbele ya wageni, wakazunguka bweni, wakanikuta kwenye kamba na mikono imelowa. Wakanipaka siagi kichwani, wakanifunika kanga mpya, wakaniongoza wakiimba mpaka nyumba ya Mkuu, wakaniketisha kwenye ngazi ya mlango. Mama mdogo akapaza sauti kumwita mwenye nyumba.

Mzee Nicanor alimwuliza Shangazi Rispa wanasema nini. Shangazi alipangusa mikono kwenye aproni yake.

"Wanasema wamemleta mkamwana kwa mama mkwe wake," akatafsiri, kwa sauti ile ile ya kutaja bei ya nyanya. "Ng'ombe waliingia Agosti, sasa ni haki yao kumleta. Wanauliza mama mkwe atawapa nini wanywe, safari ilikuwa na vumbi."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi, kisha wote wakanyamaza kwa sababu Mkuu alikuwa amesimama. Uso wake haukuonyesha kitu. Alisema wageni wamalize ratiba, na mama hawa wapewe chai na mkate jikoni. Halafu akaketi, akaendelea kusikiliza kwaya mpaka ubeti wa mwisho.

Kesho yake asubuhi alituita jikoni kwake, Shangazi na mimi.

"Rispa, ulijua?"

"Nilijua, Madam."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliambiwa nitafsiri maneno, nikatafsiri. Ningekuambia maana yake, ungekwenda kuuliza kamati kwanza. Kamati ingekataa. Na huyu hapa sasa angekuwa kwa Gisiri anakoroga ugali wa watu ishirini."

Mkuu hakumkaripia. Alimimina chai, akaanza kuuliza kama alivyouliza darasani, hatua kwa hatua. Mkamwana analazimika kufanya nini? Anamsaidia mama mkwe. Je, mama mkwe akitaka asome? Basi anasoma, nani atamzuia, ng'ombe ni wa mama mkwe. Anaweza kuwa na mwanamume? Anaweza, kwa ruhusa ya nyumba. Na watoto?

"Watoto ni wa Okuku," Shangazi akasema.

Mkuu aliweka kikombe mezani. "Rudia."

"Ni watoto wa Okuku, Madam. Hata akiwa amekufa. Ndiyo sababu desturi ikawekwa. Nyumba isizimike."

Mkuu alimaliza chai yake. Kisha aliniambia nimechelewa kazini, na kwamba niliacha kosa kwenye swali la nne la hesabu.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kidogo. Wanafunzi wa mchana walinipokea kila mahali. "Bibi ya Mkuu, mume wako amekula?" "Bibi ya Mkuu, leo mume amekupiga?" Mmoja wao, Mellen, msichana mrefu wa Kisii mwenye ulimi, alikuwa akinipigia saluti. Sokoni Homa Bay wauza samaki walimwuliza Shangazi kama na wao wanaweza kuolewa chuoni, maana waume wao wamewachosha. Hayo ya soko yalikuwa mzaha. Ya kamati hayakuwa.

Kamati ilikutana wiki chache kabla ya mtihani wangu. Nilitakiwa nami niwepo, nikae kwenye kiti karibu na mlango. Mzee Nicanor hakugomba. Alieleza kwamba makanisa yanayotoa fedha yamesikia mkuu wa chuo cha Kikristo ana mke, aliyetolewa ng'ombe, aliyeletwa kwa njuga mbele ya wageni. Kamati inajua Mama Zilpah hakuwa na nia hiyo. Kwa hivyo njia ni rahisi. Aandike mistari michache kwamba alidanganyika, kwamba ng'ombe wale hawakuwa wa ndoa. Jambo litaisha, ataendelea na kazi yake nzuri.

"Nikiandika hivyo," Mkuu akauliza, "Pauline atakuwa wapi?"

 Shangazi, aliyekuwa anapanga vikombe, ndiye aliyejibu. Kama ng'ombe si wa ndoa, hawana kazi Ntimaru, watarudi kwa mwenyewe. Baba atakuwa na mkono mtupu, mwana ameoa, binti hana ng'ombe. Gisiri bado yuko, hajaoa mwingine. Ataleta ng'ombe tena siku hiyo hiyo, na mimi nitakwenda.

Mjumbe mmoja akasema hilo ni jambo la Wakuria, kamati haiwezi kubeba desturi za kila kabila. Mzee Nicanor akainama mbele. Alimwita Mkuu kwa jina la heshima la Kijaluo, binti wa Mfangano.

"Nyar Mfangano, ni msichana mmoja. Hapa una wasichana themanini. Sema tu ulikosea. Si ni kweli ulikosea?"

Nilimwona akifikiri. Watu husimulia kwamba aliruka juu akapiga meza. Hapana. Alikuwa ameshika mkoba wake magotini kwa mikono miwili, na alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Nilijua anachokifikiria, kwa sababu nilikuwa nafua shuka za bweni lile na kuchota maji ya kisima kile. Nilitaka kusema aandike tu. Mdomo wangu haukufunguka, na sitadai kwamba ulikuwa ushujaa au uoga. Nilikuwa na miaka kumi na minane.

"Nilikosea njia," Mkuu akasema mwishowe. "Nilidhani nalipa deni. Lakini tangu Okuku afe nimeambiwa nyumba yake nimeifunga mimi. Kila msiba naambiwa. Sasa watu ambao hata lugha yao siijui wameniambia imefunguka. Mnataka niifunge tena, kwa kalamu, na huyu mtoto akiwa ndani?" Akanielekeza kwa kidevu. "Huyu ni mkamwana wangu. Mwandike hivyo."

Wakaandika hivyo. Kamati ilimpa mpaka mwisho wa muhula.

Nilifanya mtihani, nikapita. Nafasi yangu ya mchana Nyakrigo sikuipata, maana mkuu mpya alikuwa mwangalifu. Siku Mama Zilpah alipoondoka, wanafunzi walimbebea vitu mpaka kwenye lori. Mellen alibeba beseni langu na blanketi langu kichwani, akanipigia saluti ya mwisho, na safari hiyo hakucheka. "Mtunze mume wako, bibi," akaniambia. Mzee Nicanor alikuja pia. Alileta godoro jipya kutoka dukani kwake, akalisukuma kwenye lori.

Tulikwenda Migori kwa sababu Migori hapakuwa na chuo cha kumkataa. Palikuwa na vyumba viwili nyuma ya duka la Mhindi aliyehamia Kisumu. Mkuu alinunua karabai kabla ya kununua kitanda. Darasa lilianza saa kumi na moja jioni, soko likifungwa, na wanawake waliingia na vikapu vyao na watoto mgongoni. Wajaluo walikaa upande mmoja, Wakuria upande mwingine, Wakisii karibu na mlango tayari kuondoka. Mkuu aliwahamisha kila wiki mpaka wakachoka kuchagua. Lugha iliyobaki kwetu sote ilikuwa Kiswahili cha soko, na hicho ndicho tulichofundishia. Mimi nilifundisha kusoma, yeye hesabu na mikutano. Mwaka huu wa 1969 tuna darasa la asubuhi pia, na serikali imetuma mkaguzi aliyesema tunahitaji madirisha makubwa zaidi. Kumbe anafikiri tutaendelea kuwepo. Nilifurahi siku nzima.

Madawati yetu yalitengenezwa na Nashon, seremala Mjaluo mwenye penseli sikioni wakati wote. Alikuja kutengeneza madawati matano na ikamchukua muda mrefu kuliko kawaida ya madawati matano. Aliponiambia nia yake nilimtuma kwa baba. Baba alimkaribisha vizuri, akamlisha, akamwambia yeye alikwishakula ng'ombe wake, aende kwa mwenye nyumba. Nashon akarudi Migori akaketi mbele ya Mkuu, kwenye dawati lake mwenyewe, na kofia magotini kama baba yangu siku ile.

Mkuu alisema hataki ng'ombe. Alitaka mambo mawili. Niendelee kufundisha, na mtoto wa kwanza wa kiume awe wa Okuku.

Nashon aliomba muda. Alikwenda kwao, na mama yake akalia kwamba mwanawe anakwenda kumzalia maiti wa Rangwe. Nashon akamwuliza, kwani kwetu mjane akirithiwa, mtoto ni wa nani? Si wa marehemu? Basi ni kitu kile kile, kimezunguka tu kupitia Ukuria. Aliporudi aliniambia, "Nitazaa wengine. Jina moja halitanimaliza." Kisha akafikiri kidogo. "Lakini niambie, mama Zilpah nimwite mama mkwe au mume mwenzangu?" Tulifunga ndoa kanisani, Mkuu akasimama upande wangu.

Mtoto alizaliwa Machi. Ni mnene, ana nywele nyingi, na akinyonya hushika kidole changu kama anayeogopa nitaondoka na chakula. Anaitwa James Okuku. Karani wa kliniki aliniuliza mbona baba ni Nashon na mtoto ni Okuku, nikamwambia aketi, hadithi ni ndefu.

Mwezi uliopita Mkuu alisema tumpeleke Rangwe. Alivaa gauni lake la buluu la mikutano. Njiani alimchukua mtoto kutoka kwangu mapema, akampakata yeye, mkoba ukining'inia kwenye kiwiko kama kawaida.

Shemeji yake, yule aliyetaka kumrithi, ni mzee sasa, anatembea na fimbo. Alituonyesha viti. Alimtazama mtoto, akauliza ni wa nani.

"Wa Okuku," Mkuu akasema.

Akaeleza yote, ng'ombe, maziwa, kamati, bila kuruka. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alikiri kwamba hadithi hiyo aliisikia zamani sokoni Homa Bay, na alicheka sana, bila kujua anacheka nyumba ya ndugu yake. Akaomba kumshika mtoto. James akamvuta ndevu. Mzee hakuondoa mkono wake.

Upande wa kushoto wa boma palikuwa na mwinuko mdogo wenye nyasi, na mbuzi amefungwa juu yake. Mzee alinirudishia mtoto, akainuka, akaenda mpaka pale na fimbo yake. Akamfungua mbuzi, akamburuta hadi kwenye mti mwingine, akamfunga huko. Alirudi akihema.

"Mlango wa Okuku ulikuwa pale," akamwambia Mkuu, ingawa Mkuu ndiye aliyeutumia mlango huo. "Mkija tena, njooni kiangazi. Udongo wa ukuta hukauka vizuri."

 Mkuu alikuwa amekwisha kwenda, amesimama juu ya mwinuko na viatu vyake vya kamba, anapima kwa macho mahali pa dirisha. Nilimwacha akapima. Baadaye akageuka, akaniuliza ni saa ngapi, maana darasa ni saa kumi na moja na ufunguo wa chumba cha karabai anao yeye.